Shimo la moramu haligeuki bwawa lenyewe

Ukitoka Tabora mjini mwezi wa tatu kwa barabara ya Nzega, ya Urambo au ya Sikonge, utayaona pembeni: mashimo mapana, maji rangi ya chai ya maziwa, kingo nyekundu zilizosimama kama ukuta. Pita tena mwezi wa kumi. Mengi yamekauka, yamebaki matope yaliyochanika na nyayo za ng'ombe. Machache yana dimbwi la kijani katikati, nalo linanuka. Ni machimbo ya moramu na kifusi yaliyoachwa baada ya lami kukamilika, na sasa reli mpya ya SGR inayaongeza: Makutupora hadi Tabora kilomita 368, Tabora hadi Isaka 165, Tabora hadi Kigoma 506. Tuta la reli linakula udongo, na udongo lazima utoke mahali.

Wenyeviti wa vijiji na vijana wa vikundi vya mazingira huuliza kama mashimo haya yanaweza kuwa mabwawa ya kupumzikia, yenye miti, samaki na ndege, kama ilivyofanyika nchi nyingine. Yanaweza. Ila si yote, na si kwa kukaa kusubiri mvua. Karibu kila kinachoamua kama shimo litakuwa bwawa zuri au mtego wa kuua watoto hufanyika katika siku chache za mwisho, eskaveta ikiwa bado ipo. Ikishapakiwa kwenye lobedi ikaondoka, kazi ya siku mbili inageuka kazi ya miaka ya kuandika barua za kuomba fedha.

Kwa nini ya Uingereza yanajaa na ya kwetu yanakauka

Picha za mitandaoni zinapotosha. Cotswold Water Park huko Uingereza ina maziwa zaidi ya 150, na yote yalianza kama mashimo ya changarawe. Hifadhi ya Attenborough karibu na Nottingham ilifunguliwa mwaka 1966 kwenye machimbo yaliyoanza mwaka 1929. Lakini changarawe ya kule ililazwa na mito, iko bondeni, na maji ya ardhini yapo karibu sana na uso wa ardhi. Ukichimba tu umeyafikia. Shimo linajaa bila kuombwa.

Moramu yetu ni kitu kingine. Ni udongo wenye chuma ulioganda juu ya miinuko na kwenye mabega ya mteremko, sehemu kavu ambazo mhandisi anazipenda kwa sababu hazituamishi maji. Maji ya ardhini yako mbali chini. Kwa hiyo shimo la moramu Tabora ni kama pipa lililotegwa chini ya bati: linapata kile tu ambacho paa linakusanya. Ukitaka kujua kama litajaa, usilitazame pipa. Pima paa.

Upande wa Kigoma kuna mashimo ya aina ya pili, ya mchanga na changarawe za mabondeni, kama bonde la mto Luiche. Hayo yanafanana zaidi na ya Uingereza kwa maji, na hatari yake ni kinyume cha ya kwetu. Mto ukifurika unavunja ukuta mwembamba uliobaki kati yake na shimo, unaingia shimoni, unatupa humo mchanga wote uliokuwa unaubeba, na kingo za mto, juu na chini ya shimo, zinaanza kuporomoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli za kudumu za binadamu. Mita hizo zikiheshimiwa tangu siku ya kwanza ya kuchimba, tatizo hilo halizaliwi. Kuanzia hapa nitasema zaidi juu ya mashimo ya moramu, maana ndiyo mengi na ndiyo yanayokosewa zaidi.

Hesabu ya paa na pipa

Chukua mvua ya milimita 900 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Novemba na Aprili. Kwenye pori lenye majani, ardhi inakunywa sehemu kubwa. Ukipata asilimia 10 inayotiririka, hesabu hiyo ndiyo ya kuaminika. Eneo la hekta 10 basi linatoa mita za ujazo 9,000. Bwawa lenye uso wa nusu hekta na kina cha wastani cha mita 2 linahitaji 10,000. Mvua inayodondoka juu ya maji yenyewe inaziba pengo. Kanuni ya mkononi ni hii: eneo linalomimina maji kuelekea shimoni liwe angalau mara 20 ya uso wa bwawa. Pungufu ya hapo, acha.

Halafu hesabu kinachotoka. Kiangazi cha Tabora kinapandisha mvuke wa milimita 5 hadi 7 kwa siku kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Mei hadi Oktoba ni siku 184. Kwa milimita 6 unapoteza mita 1.1 hata kama hakuna aliyechota ndoo. Ng'ombe mmoja anakunywa lita 25 hadi 40 kwa siku. Kundi la ng'ombe 200 kwa lita 30 kwa siku hizohizo ni mita za ujazo 1,100, yaani sentimita 22 nyingine kwenye bwawa la nusu hekta. Bado hujahesabu kinachozama ardhini. Ndiyo maana shimo la mita 2 lenye sakafu bapa, hata likijaa hadi mdomoni, Oktoba ni tope. Bwawa la kudumu linataka kiini chenye kina cha mita 3.5 au zaidi, angalau kwenye robo ya eneo lake. Hicho kiini kinachimbwa na nani? Na eskaveta iliyopo, kwa kuchukua moramu ya mwisho pale katikati badala ya kuendelea kupanua pembeni. Mkandarasi anapata kifusi kilekile. Kijiji kinapata kina.

Kuhusu kuzama ardhini, kuna jaribio lisilohitaji maabara. Kwenye sakafu ya shimo chimba kishimo cha kina cha mita 1 na upana wa nusu mita. Asubuhi kijaze maji hadi juu. Jioni yatakuwa yamepungua kwa sababu udongo mkavu umelowa. Jaza tena, kisha funika kwa matawi mabichi. Kesho asubuhi, kama maji mengi bado yapo, sakafu inashika. Kama yamekwenda, hiyo moramu ni chujio. Fanya sehemu tatu au nne tofauti, kwa sababu shimo moja linaweza kushika upande mmoja na kuvuja upande mwingine.

Likivuja, dawa ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata wa kwenye majaruba ya mpunga. Upime kwanza: ulowanishe, uviringe uwe mnene kama penseli, ukunje uwe pete. Pete ikikamilika bila kukatika, unafaa. Unatandazwa unene wa sentimita 30 baada ya kushindiliwa, kwa tabaka mbili za sentimita 15 kila moja, si kwa mkupuo mmoja, kwa maana rola haishindilii chini ya hapo. Uwe na unyevu wa kushikamana kiganjani bila kuganda kwenye vidole. Rola ya meno ndiyo sahihi. Isipokuwepo, kundi la ng'ombe likizungushwa siku nzima kwenye tabaka lenye unyevu linafanya kazi nzuri ajabu.

Sasa gharama. Sakafu ya mita za mraba 5,000 kwa sentimita 30 ni mita za ujazo 1,500 zilizoshindiliwa, kama 2,000 zikiwa zimelegea juu ya gari. Hizo ni tripu 200 za tipa la mita za ujazo 10. Udongo ukiwa mbali zaidi ya kilomita tano, mimi ningeacha wazo la maji kabisa. Wala usiende kuharibu majaruba ya mtu ili kutengeneza sehemu ya kupumzikia.

Kosa kubwa kwenye mbuga ni hili: udongo huo ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Ukanda wa juu wa bwawa, ambao maji yanaushuka kila kiangazi, utapasuka mwaka wa kwanza, na masika yakirudi maji yanapita kwenye nyufa kabla hazijaziba. Kwa hiyo ukanda huo wote wa mita 1.5 za juu ufunikwe kwa moramu ya sentimita 20 juu ya mbuga. Moramu inazuia jua, inazuia kwato, na inampa mtu mahali pa kukanyaga pasipoteleza.

Nirudie kuhusu kuacha wazo la maji. Shimo kavu lililotengenezwa vizuri ni mali. Linaweza kuwa ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa akiba ya kiangazi, shamba la miti, uwanja wa mpira ambao kingo zake ni majukwaa ya asili, au mahali pa mizinga ya nyuki. Wanyamwezi na Wasukuma wanajua ngitili kabla ya mradi wowote kufika. Bwawa linalokauka kila mwaka halina faida ya maji wala ya nchi kavu, na linazalisha mbu wengi kuliko yote mawili.

Umbo ndilo linaloua au kuokoa

Moramu kavu inasimama wima mita 3 au 4 kana kwamba imejengwa. Mguu wake ukilowa, inakatika kwa vipande vizima. Mtoto aliyesimama ukingoni anashuka nao, na akitaka kutoka hakuna pa kushika. Si wote wanaozama kwenye mashimo haya walikwenda kuogelea; wengine walikwenda kuchota maji au kunywesha mifugo.

Kingo zote zilazwe kwa wima 1 kwa ulalo 3. Mita 3 za kwanza kutoka kwenye maji zilazwe zaidi, 1 kwa 6, ili mtu akitembea hatua nne ndani maji yawe magotini, yasimfike shingoni. Kwenye ukuta wa mita 3, ukikata nusu ya juu na kuisukuma ijaze nusu ya chini, unahamisha mita za ujazo 3.4 kwa kila mita ya urefu wa ukingo. Mzunguko wa mita 300 ni kama mita za ujazo 1,000. Eskaveta ya kawaida inamaliza kwa siku mbili. Kwa jembe na koleo, mtu mmoja akihamisha mita za ujazo 2 kwa siku, ni siku-kazi 500. Ukumbuke kuwa mdomo wa shimo utapanuka mita 4.5 kila upande, kwa hiyo mashine isiruhusiwe kuchimba hadi kwenye mpaka wa shamba la jirani au mguu wa barabara. Baki mita 10.

Kama eneo linaruhusu, bakiza kisiwa. Usikijenge baadaye, kibakize, yaani kipande cha ardhi kisichochimbwa, upana wa mita 10, kikiwa mbali na ukingo kwa mita 10. Mfereji unaokizunguka uwe na kina cha mita 2.5 bwawa likiwa limejaa, ili Oktoba bado mbwa asivuke kwa miguu. Yangeyange, kwera na bata wa porini watakikuta wenyewe.

Mahali maji yanapoingilia, weka mtego wa tope: kibeseni chenye ukubwa wa asilimia 5 hadi 10 ya bwawa, na mdomo wake upitie ukanda wa majani wa mita 10. Kila Oktoba kinakuwa kikavu. Kizolewe, na tope hilo ni mbolea ya bustani. Maji ya kutoka mashamba ya tumbaku yakatwe kwa mfereji yaende kwingine. Tumbaku inapuliziwa dawa nyingi, na samaki ndio wa kwanza kukuonyesha hivyo.

Mahali maji yanapotokea ndipo mabwawa mengi yanapokufa. Utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, ukatwe kwenye ardhi ya asili, kamwe usikatwe juu ya kifusi kilichojazwa. Upana mita 3 hadi 5, sakafu bapa, mawe yaliyopangwa na kuzamishwa, na usawa wake uwe sentimita 60 chini ya sehemu iliyo chini zaidi ya ukingo uliobaki. Bila utoro, maji yatachagua njia yao kwenye sehemu dhaifu. Yanaanza kama mfereji mwembamba kwa nje, mfereji unajichimba kurudi nyuma kuelekea bwawani, na mvua moja kubwa ya Machi inamaliza usiku mmoja. Asubuhi mnakuta ukingo umechimbika handaki na samaki wako shambani kwa mtu.

Ng'ombe wasiingie majini. Hilo halina mjadala, na haliwezekani bila kuwapa pa kunywea. Mahali penye mteremko wa asilimia 3, ardhi inashuka mita 3 kila mita 100. Bomba la inchi 2 likitoka mita 1.5 chini ya usawa wa maji, likilazwa karibu bapa, litatokeza juu ya ardhi umbali wa zaidi ya mita 50 upande wa chini, na hapo ndipo birika la kunyweshea linakaa. Bomba hilo linalazwa kabla sakafu haijawekwa mbuga. Ukilitoboa baadaye unatoboa na bwawa. Mwaka ambao maji yatashuka chini ya mdomo wa bomba, birika linakauka na bwawa linabaki na akiba yake. Kwangu hiyo ni faida, ingawa wafugaji hawatapenda, na ni vizuri wakubaliane nayo mapema kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Udongo wa juu na miti

Ile sentimita 20 hadi 25 ya kwanza ambayo buldoza inaisukuma pembeni kama takataka ndiyo msitu wa kesho. Ina mbegu, mizizi inayochipua na kuvu wanaoishi na mizizi ya miyombo. Irundikwe peke yake, isichanganywe na moramu, rundo lisizidi mita 2 kwa urefu, na isikae zaidi ya msimu mmoja wa mvua kabla ya kurudishwa kwenye kingo. Rundo refu linajipika kwa ndani na kufa.

Mtundu na miyombo mingine haipendi kuhamishwa kutoka kitaluni. Miaka ya kwanza inajenga mzizi, juu unaona kijiti kisichokua, watu wanakata tamaa na kuacha moto upite. Njia ya uhakika zaidi ni kurudisha udongo wa juu, kukata njia ya moto ya mita 5 kuzunguka eneo lote kila Mei, na kulinda visiki vichipue. Ukitaka kuotesha, changanya kwenye viriba udongo uliochotwa chini ya miti mikubwa ya aina hiyohiyo. Kwa haraka ya kivuli, panda mgunga kwenye mteremko wa juu na mkuyu karibu na maji. Ukingoni panda ukoka na mistari ya majani ya vetiva, sentimita 15 kati ya shina na shina, ikifuata kontua, yaani ikikingama mteremko. Mikaratusi isisogee karibu na bwawa, inakunywa. Minyaa nayo isitumike kwa uzio wa karibu na maji, maana utomvu wake unadhuru macho na unaua samaki. Mkonge kwa safu mbili, sentimita 60 kati ya mmea na mmea, unatosha kuzuia mifugo ukishafikisha mwaka wa tatu.

Mfano ninaoupendekeza kusomwa uko karibu, Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 Rene Haller alipewa kazi ya kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji, sakafu ya mawe matupu yenye maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu zilisimama, na mvinje ndio uliotangulia. Lakini majani ya mvinje yalirundikana chini bila kuoza, udongo haukuzaliwa, mpaka walipoletwa majongoo ambao waliyala na kuyageuza mboji. Leo panaitwa Haller Park na kuna msitu, viboko na twiga. Somo kwa Tabora si kupanda mvinje. Ni kujaribu aina nyingi kwa kiasi kidogo kabla ya kununua miche elfu tano ya aina moja, na kutazama kinachotokea ardhini kabla ya kutazama juu.

Mbu, konokono na watu

Shimo jipya lisilo na jani, lenye vidimbwi vidogo vya jua kwenye nyayo na alama za matairi, ndipo anapopenda kutaga mbu wa malaria aitwaye Anopheles gambiae. Bwawa kubwa lenye kina, mawimbi madogo na samaki halimfai. Kwa hiyo kusawazisha sakafu na kufuta vidimbwi ni kinga ya malaria kabla ya dawa yoyote. Likikua na majani yaliyosimama majini ukingoni, anakuja mwenzake, Anopheles funestus, ambaye anataka maji ya kudumu yenye mimea. Dawa yake ni kutoruhusu matete na mafunjo kuzunguka ukingo wote: theluthi moja iachiwe mimea kwa ajili ya ndege na vifaranga vya samaki, kwa upande ulio mbali na makazi, na sehemu iliyobaki ifyekwe. Toka yai hadi mbu ni kama siku 7 hadi 14, kwa hiyo ukaguzi wa viluwiluwi kwa upawa mweupe ufanyike kila wiki, si kila mwezi. Kiwanda cha Kibaha kinatengeneza viuadudu vya kibayolojia vinavyoua viluwiluwi bila kudhuru samaki. Afisa afya wa kata ndiye wa kuuliza.

Kichocho kinanisumbua zaidi, kwa sababu hakionekani. Konokono wanaokibeba wanaishi kwenye mimea ya maji ya kina kifupi, na vijidudu vinatoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, saa ambazo watoto wanaoga. Bwawa jipya halina kichocho hadi mtu mwenye nacho akojoe au ajisaidie mahali ambapo maji yatakifikisha kwa konokono. Vyoo basi vijengwe kabla ya mabenchi, mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, upande wa chini wa mteremko, na viwe vingi vya kutosha ili asiwepo wa kukimbilia kichakani. Mahali pa kuchotea maji pawe na changarawe na pasiwe na mmea hata mmoja. Maji yaliyochotwa yakikaa saa 48 kwenye chombo kisicho na konokono, vijidudu hivyo vinakufa.

Kuhusu kuogelea, ushauri wangu ni kutoruhusu. Maji yaliyotuama, yasiyo na mlinzi aliyefundishwa, yenye mteremko uliotengenezwa na mashine: sioni sababu ya kuhatarisha. Watu wanapumzika vizuri bila kuingia majini. Njia ya kutembea ya mita 1.5 kuzunguka bwawa, mabenchi ya mninga chini ya kivuli, banda la makuti la kutazamia ndege, uwanja wa watoto upande ulio mbali na maji, kona ya kupigia picha za harusi. Mdiria, korongo na fundichuma wanazoea watu upesi wasipotupiwa mawe. Hata hivyo weka nguzo za kina zenye rangi nyekundu kila mita 50, na kwenye kila moja ning'iniza kamba ya mita 20 iliyofungwa dumu tupu la lita 5. Dumu hilo hurushwa kwa anayezama. Litaibwa; nunua mengine. Mizinga ya nyuki inafaidi sana maji ya kiangazi, ila ikae mita 300 kutoka njia za watu. Na bwawa likiwa karibu na mto Ugalla au Malagarasi, jueni kwamba kiboko na mamba hawahitaji mwaliko.

Karatasi ni chache lakini zina mpangilio. Mpango wa kufunga machimbo uwe na mchoro wa umbo la mwisho, kina, ulalo wa kingo, utoro na mahali pa udongo wa juu, na kijiji kiupate kabla ya kusaini kuruhusu uchimbaji, maana sentensi "eneo litarudishwa katika hali nzuri" haimfungi mtu. Kibali cha maji kinatoka bodi ya maji ya bonde. Maeneo yanayomimina Igombe na Malagarasi yako chini ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi yake kuu iko Kigoma. Igunga na sehemu kubwa ya Nzega zinamimina Manonga na Wembere, hizo ni za Bonde la Kati. Kanuni za matumizi ziandikwe kama sheria ndogo za kijiji na zipitishwe na halmashauri ya wilaya, la sivyo sungusungu watamkamata mvunjaji na hakutakuwa na pa kumpeleka.

Samaki waje mwisho. Simika nguzo yenye alama za sentimita kwenye kiini, na karibu yake ukingoni uweke ndoo pana iliyojaa maji, iliyozibwa kwa wavu. Kila Jumatatu andika vyote viwili. Ndoo ikishuka milimita 40 kwa wiki na bwawa likashuka 90, tofauti ya 50, ukitoa kinachochotwa na kinachonywewa, ni uvujaji, na unajua pa kutafuta. Kama Oktoba ya kwanza kiini bado kina zaidi ya mita 1, na maji yamepungua utope kiasi kwamba mkono uliozamishwa hadi kiwiko unaonekana vidole, mwagieni chokaa ya shamba, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, kwa sababu udongo wa moramu una tindikali. Utope ukigoma, jaribuni jasi kwenye chupa kwanza, gramu 100 hadi 300 kwa mita ya ujazo, kabla ya kumwaga bwawa zima. Kisha agizeni vifaranga vya perege wa asili wa bonde hili, wawili kwa mita ya mraba, Januari au Februari. Msilete sato. Wanazaana na perege wetu na kuwafuta, na utoro wa bwawa lililo upande wa Igombe na Malagarasi mwishowe unamimina Malagarasi, anakoishi karomo, perege asiyepatikana bonde lingine lolote. Kambale atajileta mwenyewe kwa njia ya maji ya masika. Asipofika, hamjapungukiwa kitu. Na kama Oktoba hiyo nguzo inasoma chini ya nusu mita, msinunue kifaranga hata mmoja: zibeni kinachovuja, subirini masika mengine, mpime tena.